Mita 60, Lakini Kutoka Wapi?

(Mazungumzo mbele ya semina ya viongozi wa mitaa ya pwani)



Nimeombwa nizungumzie matumizi ya ardhi katika ufuko unaoliwa na bahari. Mimi ni mwandishi wa habari, si mhandisi wala mpimaji, na humu ukumbini wamo wazee wavuvi walioijua bahari hii kabla sijazaliwa. Nitakayoyasema kuhusu maji, wao wanisahihishe. Nitakayoyasema kuhusu ardhi, yaani kuhusu sisi wenyewe, naomba tuvumiliane.

Tuanzie Kunduchi, kwani hapo somo liko wazi. Kijiji kile ni cha kale. Magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina yangali yamesimama, mbali kidogo na mawimbi. Waliokuja baadaye walitaka kulala wakisikia bahari. Hoteli za kitalii zikasogezwa ukingoni, na bahari nayo ikasogea. Hoteli ya Africana, iliyokuwa na sifa kubwa enzi zake, ilifika mahali ikaachwa. Leo jina lake limebaki kwenye kituo cha mabasi katika Barabara ya Bagamoyo, na abiria wengi wanaoteremka hapo hawajui kwamba wanateremkia jina la jengo lililoshindwa na maji.

Je, bahari imepata ukali mpya? Kwa sehemu ni kweli kwamba maji ya bahari duniani yanapanda, na hilo si kosa la mvuvi wa Kunduchi wala la diwani wake. Lakini wataalamu waliouchunguza ufuko ule wametaja pia mambo ambayo ni ya mikono yetu. Mchanga wa pwani hauzaliwi pwani. Huletwa na mito na vijito kama Tegeta na Mbezi wakati wa masika, ukamwagwa mlangoni, kisha pepo za kusi zikausukuma kuelekea kaskazini. Kaskazi ikivuma hurudisha kiasi, lakini kusi ina nguvu zaidi, hivyo safari ya mchanga kwa jumla ni ya kwenda kaskazini. Ufuko basi ni kama ghala: kila mwaka hutolewa, kila mwaka hujazwa. Ukizuia kujaza, kutoa hakusimami.

Na sisi tumezuia. Kwa miaka mingi malori yamekuwa yakiteremka katika vijito hivyo kuchota mchanga wa kujengea jiji. Hapa, ndugu zangu, sina budi kukiri. Nilipojenga kibanda changu nilinunua mchanga lori kwa lori, wala sikuuliza umetoka mto gani. Dereva alikuwa akifika kabla hakujapambazuka, nami nikamsifu kwa kuwahi kazini! Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini alipenda giza. Kwa hiyo nisemapo kwamba mchanga wa ufuko umo ndani ya kuta za nyumba zetu, nazungumza pia juu ya kuta zangu.

Upande wa bahari nao tumeubomoa. Mwamba wa matumbawe ndio ukuta wa kwanza wa pwani. Wimbi huvunjikia huko nje na kufika ufukoni limechoka. Mwamba huo tumeulipua kwa baruti ili kupata samaki wa siku moja, na matumbawe mengine tumeyang'oa kuchomea chokaa. Mikoko, iliyokuwa ikishika tope kwenye mahori, tumeikata kwa boriti na kuni. Kisha linapokuja bamvua, na tofauti ya maji kupwa na kujaa inapozidi mita 3, tunashangaa kwamba maji yamefika mlangoni.

Sasa nije kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kabla yake, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikwisha kumpa Waziri uwezo wa kutangaza ardhi fulani kuwa ni ardhi hatarishi, na ikataja mabwawa ya mikoko, matumbawe na visiwa vilivyomo baharini. Hatuna, basi, upungufu wa sheria. Ila mzee mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: mita 60, lakini kutoka wapi?

Swali hili si la mzaha. Ukingo wa bahari hautulii kama kilele cha mlima. Mtu aliyepimiwa kiwanja chake kihalali, akajenga mita 60 kamili, bahari ikisogea mita 20 atakuwa amebakiwa na 40 bila kuinua hata tofali. Je, amevunja sheria? Tena ufuko hupanuka kwa msimu na kupungua kwa msimu. Bwana ardhi akipima wakati ufuko umejaa atapata jibu moja, na akirudi baada ya miezi kadhaa atapata jingine. Ndiyo maana naona kipimo cha mita 60 kichukuliwe kuwa cha chini kabisa, na kwamba kwenye ufuko unaoliwa, ambapo wazee wanaweza kuonyesha kwa kidole mahali minazi ilipokuwa, umbali uhesabiwe kwa kasi ya kuliwa kwake. Jengo la kuishi miaka 50 liwekwe pale ambapo bahari haitarajiwi kufika kwa miaka 50. Hesabu hiyo haihitaji mtambo wa ng'ambo. Inahitaji nguzo za alama zilizosimikwa nchi kavu, mtu wa kupima kutoka kwenye nguzo mpaka ukingoni kila msimu, na daftari lisilopotea.

Kisha ipo haki. Nimeona banda la makuti la mvuvi likiondolewa kwa jina la mita 60, na hatua chache kutoka hapo ukuta wa zege umeingia ufukoni, umefunga hata njia ya kupitisha ngalawa, wala haukuguswa. Sikusudii kumtaja mtu. Nasema tu kwamba lile banda lingehamishwa kwa asubuhi moja, nalo halimdhuru jirani. Ukuta ndio unaodhuru. Wimbi likigonga zege hurudi na mchanga wa mbele yake. Na vile vizuizi vya mawe vinavyoingizwa baharini ili kunasa mchanga hunasa kweli, lakini hunasa mchanga uliokuwa njiani kwenda kwa jirani wa kaskazini. Naye akijenga chake, njaa huhamia kwa anayefuata, mpaka imfikie asiye na fedha ya kununua mawe.

Wapo wanaosema Serikali ijenge ukuta kila mahali, kama ule wa Barabara ya Barack Obama uliokamilika mwaka 2018. Pale nyuma ya ukuta kuna barabara kuu na moyo wa jiji. Gharama ina sababu. Lakini pwani ya Bara ina zaidi ya kilomita 800. Hatuwezi kuizungushia zege kutoka Tanga mpaka Mtwara. Na wasioamini kwamba nchi kavu inaweza kutoweka waende Pangani, waulizie kisiwa cha Maziwe. Kilikuwa na miti mpaka miaka ya 1970. Leo ni fungu la mchanga. Maji makuu yakija hulifunika lote, na mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa ufuko wa Ushongo ili yasizame.

Kuuacha ukingo wazi si kuupoteza. Panaweza kuwa diko la wavuvi, uwanja wa kuanikia dagaa, shamba la minazi, mahali pa watoto kucheza mpira maji yakipwa; kila kazi inayoweza kurudi nyuma bahari ikidai nafasi. Wale waliokwisha kupewa hati kabla ya mwaka 2004 wasikilizwe, kwa sababu walipewa na ofisi halali. Wapewe muda, na panapowezekana viwanja vingine. Lakini hati mpya ndani ya ukanda huo zisitoke tena, hata kwa mkubwa, na kibali cha kuchota mchanga mtoni kisipite bila mwenyekiti wa mtaa ulio mlangoni mwa mto huo kuulizwa.

Kusi huanza kuvuma baada ya masika. Nawaomba kila mtaa uliowakilishwa hapa uwe umesimika nguzo zake za kwanza kabla ya hapo, wazee waonyeshe mahali, vijana wachimbe, na katibu aandike tarehe na kipimo. Mimi nitapita nikiwa na daftari langu kulinganisha na lenu.