Ukimya Wetu na Nguvu za Wakubwa



Nimeagizwa kunena juu ya ukimya wa raia mbele ya wakubwa wao. Wazee wataniwia radhi nikianza na habari waliyosimuliwa na wazazi wao.

Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliamuru ng'ombe wa Wakamba wapunguzwe kwa nguvu. Walikusanywa wakauzwa mnadani kwa bei duni, nacho kiwanda cha nyama cha Liebig's huko Athi River kilihitaji mifugo. Sababu iliyotolewa ilikuwa mmomonyoko wa udongo. Na kwa haki, udongo ulikuwa ukienda kweli. Lakini sababu njema haimpi afisa ruhusa ya kutwaa mali ya mtu pasipo ridhaa yake. (Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya vilichimba matuta katika vilima hivi hivi.)

Basi mwezi wa Julai Muindi Mbingu, wa chama cha Ukamba Members Association, aliongoza watu zaidi ya elfu moja, waume, wake na watoto, hadi Nairobi. Walitaka Gavana Brooke-Popham awasikilize. Alikataa kuonana nao huko. Hawakurudi; walipiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, hata Gavana akaja mwenyewe Machakos mwezi wa Agosti. Muindi alihamishiwa Lamu, wala hilo halikuwa jambo dogo kwa jamaa zake. Lakini kabla ya mwaka kwisha, uuzaji wa nguvu ulikomeshwa.

Sisi hatuhitaji kulala Kariokor. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 35, yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Ibara ya 37 yampa haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka maombi. Hata hivyo fedha za maji zakusanywa bila stakabadhi, na manung'uniko husikika njiani baada ya baraza, si barazani. Mkubwa asiyeulizwa mwaka wa kwanza huongeza mwaka wa pili. Wala si lazima awe mwovu tangu mwanzo: wanaomnyamazia ndio wanaomfundisha.

Karatasi iko mezani kwa Bwana Katibu. Yaomba mambo mawili tu: daftari la fedha za maji lisomwe barazani, na kila atoaye shilingi apewe stakabadhi. Mimi nimekwisha kutia sahihi. Kwa wasioandika, wino wa kidole upo.