Msamaha Baada ya Arobaini

Azim Khamisa alizaliwa Kenya katika jamii ya Waismailia, kisha akahamia Marekani na kushika kazi ya uwekezaji wa fedha. Usiku wa Januari 21, 1995, mjini San Diego, California, mwanawe Tariq alikuwa akipeleka piza kwa wateja. Ilikuwa kazi ya muda. Kijana huyo wa miaka 20 alikuwa bado chuo kikuu. Vijana wa genge walitaka kumpora piza, akakataa. Mkubwa wao, wa miaka 18, alitoa amri, na Tony Hicks, mtoto wa miaka 14, akafyatua risasi iliyomuua Tariq.

Tariq alikuwa mtoto pekee wa kiume wa Azim.

Azim amesimulia kwamba mwalimu wake wa kiroho alimpa wasia mmoja: zikishapita siku 40 za maombolezo, majonzi yageuzwe kuwa matendo mema, kwani mema hayo humfaa marehemu. Kwetu arobaini inajulikana vizuri. Dua husomwa, chakula huliwa, jamaa wa mbali hupanda mabasi, na wafiwa hubaki na nyumba yao. Kwa Azim kazi ilianzia hapo. Mwaka huohuo aliunda Tariq Khamisa Foundation, taasisi inayoingia shuleni kuwaepusha watoto na magenge.

Kisha akamtafuta Ples Felix, babu na mlezi wa Tony, Mkristo aliyewahi kuwa askari wa kikosi maalumu. Azim alishawishika kwamba bunduki ile iliumiza nyumba mbili: moja imezika, nyingine mtoto wake anakwenda jela. Babu huyo naye alikuwa akiomba Mungu amjalie nafasi ya kuwapa pole wafiwa. Wazee hao wawili, Mwislamu na Mkristo, wakaanza kusimama pamoja mbele ya wanafunzi.

Hata hivyo, msamaha huo haukufuta sheria, na hili husahauliwa mno habari hii inaposimuliwa. Tony alikuwa wa kwanza wa umri wake California kushtakiwa kama mtu mzima chini ya sheria iliyoanza mwaka 1995. Alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Azim alikwenda kuonana naye gerezani ilipopita miaka 5, akamwahidi kazi katika taasisi yenye jina la kijana ambaye Tony alimuua. Kifungo kiliendelea; bodi ya parole ilikubali aachiwe mwaka 2018, akatoka mwaka uliofuata.

Wala familia haikusamehe kwa siku moja. Tasreen, dada yake Tariq, alihitaji miaka mingi kuliko baba yake, na hiyo si dalili ya imani haba. Hapo ndipo penye uzito wote. Katika misiba yetu, hasa ile ya damu iliyomwagwa na jirani au ndugu, mjane huambiwa asamehe kabla kaburi halijakauka, na akisita huonekana amemkosea Mungu. Huko ni kumwongezea jeraha mtu aliyekwisha kujeruhiwa.

Basi masheikh, mapadri na wachungaji wanaoongoza matanga wawaachie wafiwa muda wao, wawasaidie kuipata haki yao mahakamani, na warudi kubisha hodi baada ya arobaini, watu wengine wakiwa wamekwisha kuondoka.