Kasa wa Maziwe na Ujira wa Mlinzi

Baharini, mbele ya mwambao wa Pangani, kuna kisiwa kiitwacho Maziwe, ambacho wazee waliokijua zamani walikikuta kina miti na kivuli, na ambacho leo hakikusaliwa na kitu ghairi ya fungu la mchanga, linaloonekana maji yakipwa na kumezwa na bahari wakati wa bamvua. Miti ilipotoweka, mawimbi yalianza kuula mchanga. Lakini kasa hana habari ya mabadiliko hayo, naye hurejea usiku kuja kutaga, akafukia mayai yapatayo 100 na zaidi, kisha akashika njia yake ya baharini akidhani ameiweka amana yake mahali pa salama.

Lau mayai hayo yangeachwa, maji ya bamvua yangeyazamisha yote. Kwa hiyo walinzi huyachukua, wakayavusha kwa mashua hadi ufuo wa Ushongo, wakayafukia upya. Kazi hii yataka mikono yenye adabu, kwani yai la kasa likisha kukaa saa chache tangu litagwe, halifai kugeuzwa juu chini, na mwenye kuligeuza huenda akakiua kiumbe kilichomo. Baada ya takriban miezi miwili vitoto huchomoza na kukimbilia pale panapong'aa, ambapo zamani palikuwa ni bahari peke yake, ilhali siku hizi huenda pakawa ni taa za hoteli. Na vitakavyonusurika, majike yao hayatataga ila baada ya miaka 20, 30 au zaidi.

Tijara ya gamba la ng'amba, aina mojawapo ya kasa, si jambo la jana katika pwani hii. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kinataja gamba miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii, na chaeleza jinsi watu wa kisiwa cha Menouthias walivyowanasa kasa kwa vikapu, navyo, kwa maelezo yake, havikuwa mbali na madema yetu. Baadaye wavuvi wetu walimfunga samaki aitwaye chazo kamba mkiani, wakamwachia aende akamng'ang'anie kasa, kisha wakawavuta wote wawili. Hila ambayo, hata mimi nisiyependa matokeo yake, siwezi kuinyima sifa.

Sheria za Kenya na Tanzania zimekwisha kumharimisha kasa kwa mvuvi na kwa mchuuzi. Lakini ufuo hauna polisi usiku, na mtu mwenye njaa aliyeona nyayo za kasa mchangani hasomi kanuni. Ndiyo maana huko Mafia na kwingineko palianzishwa utaratibu wa kumlipa mwanakijiji anayearifu habari za kiota, na kumwongezea kwa kadiri ya vitoto vitakavyoanguliwa. Wako wasemao kwamba huko ni kumhonga mtu ili asivunje sheria. Mimi siafikiani nao: mlinzi wa ghala hulipwa, wala hatusemi amehongwa asiibe, na anayekesha ufuoni akilinda kiota anastahiki ujira vivyo hivyo.

Wala wanaokula nyama ya kasa hawana dhamana ya usalama. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja baada ya kuila, na sumu inayoweza kuwamo katika nyama hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Hata hivyo, ujira wa kiota haumfikii mwenye jarife. Wavu huo wa matundu makubwa hutegwa usiku kucha kwa ajili ya papa na taa. Kasa, ambaye hupumua hewa kama sisi, akinaswa humo chini hufa maji kabla ya alfajiri, na mara nyingi huyo ndiye jike mzima tuliyemngoja miaka thelathini. Huko Watamu, Kenya, wako wavuvi wanaopewa fidia wakimleta kasa aliyenaswa akingali hai ili arudishwe baharini, na utaratibu huo waweza kuigwa. Kwa mwenye jarife hautatosha, kwa kuwa akiufikia wavu wake asubuhi hukuta mzoga. Yeye hana budi kusaidiwa apate wavu mwingine, na suala la nani atakayeugharimia ningependa maofisa wa uvuvi walikalie kitako pamoja na wavuvi wenyewe kabla ya msimu ujao wa kutaga.