Sikio Linauma, Kumbe Tatizo ni Taya
Mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Ndalu, Kaunti Ndogo ya Tongaren



Huku Ndalu meno yana kazi. Mahindi yakikomaa huchomwa, miwa humenywa kwa meno, na mahindi makavu yaliyochemshwa na maharagwe hutafunwa hadi sufuria iishe. Kazi hiyo yote hubebwa na viungo viwili vidogo vya taya, kimoja kila upande, mbele tu ya sikio. Mtu akiweka kidole hapo, kisha afungue na kufunga mdomo, atakisikia kikisogea.

Kiungo hicho kikiumia, mara nyingi mtu hulalamikia sikio. Sikio huuma au huhisi limeziba, na wengine husikia mlio ambao mwingine hausikii. Sababu ni ujirani. Kati ya kiungo na tundu la sikio kuna mfupa mwembamba tu, na neva inayohudumia misuli ya kutafuna huhudumia pia msuli mdogo unaokaza ngoma ya sikio. Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika kuhusu wagonjwa wa namna hiyo. Yeye alidhani chanzo ni kung'oka kwa meno ya nyuma. Madaktari waliofuata hawakukubaliana na maelezo yake yote, lakini uhusiano wa taya na sikio bado unazingatiwa hospitalini.

Vyanzo ni vingi: kusaga meno usingizini, kukaza taya kwa sababu ya mawazo, kutafuna vitu vigumu muda mrefu, au kugongwa kidevuni, kwa mfano katika ajali ya bodaboda. Wanawake hupata shida hii zaidi kuliko wanaume.

Dalili zinazoelekeza kwenye taya ni maumivu yanayozidi mtu anapotafuna au kupiga miayo, mlio wa "kwa!" mdomo ukifunguliwa, na taya kukaza asubuhi. Kwa kawaida mtu mzima huweza kupitisha vidole vyake vitatu, vikiwa vimepangwa wima, katikati ya meno ya juu na ya chini. Asipoweza, taya ichunguzwe.

Hatari iko hapa. Mgonjwa hununua dawa ya matone dukani, akarudia antibiotiki, hata akang'olewa jino zima, na maumivu yakabaki palepale. Wengine huingiza kijiti cha kiberiti au mafuta ya moto sikioni. Kijiti chaweza kutoboa ngoma, na mafuta ya moto huunguza. Hapo mtu aliyekuwa na shida ya taya hupata shida ya sikio kweli.

Wengi hupata nafuu bila upasuaji. Taya ipumzishwe wiki mbili hivi: uji, viazi vya kuponda, ugali laini na mboga zilizoiva vizuri, miwa na mahindi ya kuchoma vingoje. Kitambaa chenye uvuguvugu kiwekwe shavuni dakika 15, mara mbili au tatu kwa siku. Wakati wa kupumzika, midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Mtu akipiga miayo, ashikilie kidevu kwa ngumi. Dawa ya maumivu itumiwe kwa ushauri, hasa kwa mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Anayesaga meno usiku anaweza kutengenezewa kinga ya meno na daktari wa meno.

Hata hivyo, si kila sikio linalouma ni taya. Usaha au damu ikitoka sikioni, homa ikipanda, uvimbe ukitokea nyuma ya sikio, au kizunguzungu kikizidi, mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa anayeacha kusikia ghafla: matibabu yakichelewa, huenda usikivu usirudi. Mtoto anayeshika sikio na kulia asisubirishwe nyumbani kwa kudhaniwa ni taya.

Safari ianzie kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu aangalie ndani ya sikio kwanza, kisha aguse kiungo cha taya. Inapohitajika, atatoa rufaa kwa daktari wa meno au wa masikio, Bungoma au Kitale. Mgonjwa naye amweleze wazi jambo moja: je, maumivu huongezeka anapotafuna? Jibu hilo laweza kumwokolea miezi ya dawa zisizo na kazi.