Miaka Miwili Chuoni, Kisha Mlango wa Chuo Kikuu



Mzazi wa Kabezi auzaye ndagala na mawese ili kumsomesha mwanawe biashara Dar es Salaam ana haki ya kuijua njia yenyewe. Kijana asiyepata kuingia chuo kikuu moja kwa moja aweza kuanza katika Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichofunguliwa mwaka 1965, akasoma stashahada miaka 2. Kisha huomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kitivo cha biashara kilianzishwa mwaka 1979.

Kanuni yadai wastani wa alama usiopungua 3.0 katika 5. Vijana, msidanganyike: 3.0 ni ruhusa ya kubisha hodi, si ya kuingia. Nafasi ni chache, na waliotangulia kwa alama ndio wachukuliwao. Asiyejenga msingi mwaka wa kwanza hana cha kuezeka mwaka wa pili.

Tena vyeti vyetu vya sekondari hupelekwa kwanza Baraza la Mitihani la Tanzania, vikalinganishwe na vya huko. Nasi tumesomeshwa kwa Kifaransa, hali huko hufundishwa Kiingereza; angojaye kujifunza lugha hiyo darasani amekwisha kuchelewa.

Wavuvi wetu hutengeneza taa jua lingali juu. Nanyi fanyeni vivyo hivyo, ili jasho la wazazi wenu lisipotee bure.