Mji ulionunua mto

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mkazi wa mji hulifanya asubuhi bila kufikiri, nalo ni kufungua bomba. Maji yakitoka, hatuulizi yametoka wapi. Yasipotoka, tunauliza yatarudi lini. Lakini swali la kwamba maji hayo yangekuwa ya nani kama yasingeletwa kwetu, hilo ni nadra kuulizwa. Leo nitawapeleka Magharibi ya Marekani, katika jimbo la California, mahali ambapo swali hilo limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa kalamu na hata kwa baruti.

Bonde la Owens liko mashariki ya milima ya Sierra Nevada. Kilele kirefu kuliko vyote katika milima hiyo, Mlima Whitney, kina zaidi ya mita 4,400. Mawingu yatokayo bahari ya Pasifiki humwaga mvua na theluji yanapoipanda milima, na kinachovuka upande wa pili ni upepo mkavu. Kwa hiyo bonde lenyewe ni nusu jangwa. Lakini theluji ikiyeyuka, vijito hushuka na kuungana katika Mto Owens, ambao zamani uliishia katika ziwa la chumvi liitwalo Ziwa Owens.

Wapaiute, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa wakichimba mifereji katika bonde hilo kabla mlowezi yeyote hajafika. Walimwagilia mimea ya porini ambayo mizizi yake walikula, na walikuwa na utaratibu wa kumchagua mtu wa kusimamia maji. Walowezi wakaja miaka ya 1860, vita vikazuka, na mwaka 1863 jeshi likawaswaga mamia ya Wapaiute kwa miguu hadi Fort Tejon, mbali na kwao. Kwa hiyo hao wakulima tutakaowasikia baadaye wakilalamika kunyang'anywa maji, nao waliyakuta yana wenyewe.

Sasa tuje Los Angeles. Mwaka 1900 mji huo ulikuwa na watu kama laki moja tu, lakini ulikuwa ukikua kwa kasi, na mto wake mdogo usingeweza kuunywesha. Meya wa zamani, Fred Eaton, na mkuu wa maji wa mji, mhandisi William Mulholland, wakalitupia jicho Bonde la Owens. Kati ya 1904 na 1905, Eaton alipita akinunua mashamba pamoja na haki zake za maji. Wakati huohuo serikali kuu ilikuwa ikipanga mradi wa kumwagilia bonde hilo, na wapo wakulima waliodhani ununuzi ule ni wa mradi huo. Mhandisi wa serikali aliyehusika na mradi, kumbe, alikuwa pia akilipwa na mji kama mshauri. Mradi wa bondeni ukaachwa, na mwaka 1906 serikali ikaupa mji idhini ya kupitisha mfereji wake katika ardhi ya umma.

Tarehe 5 Novemba 1913, maji yalifika. Yalikuwa yamesafiri kiasi cha kilomita 375, kupitia majangwa na chini ya milima, bila pampu hata moja. Yaliteremka tu. Kama kazi ya uhandisi, hapana budi kuisifu.

Lakini mji haukushiba. Ukame wa miaka ya 1920 ulipoingia, Los Angeles ikarudi kununua zaidi. Na hapa, wasikilizaji, naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Mfereji wa kumwagilia haukuwa mali ya mkulima mmoja. Majirani waliushirikiana, wakauzibua pamoja na kuchangia gharama zake. Sasa mmoja akiuza na wa tatu akiuza, yule wa katikati atafanyaje? Hawezi kuutunza mfereji peke yake. Atauza naye, apende asipende. Wakulima wakiondoka, mwenye duka hana mteja, na mwalimu hana wanafunzi. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa haba na haba mji uliweza kulimiliki karibu bonde zima.

Watu walikasirika. Mei 1924 mfereji ulilipuliwa kwa baruti. Novemba mwaka huohuo, wanaume wapatao sabini waliteka malango ya maji ya Alabama Gates, wakayafungua na kuyamwaga maji kwa siku nne, huku wake zao na watoto wakiwaletea chakula. Mwaka 1927 benki ya ndugu wawili walioongoza upinzani huo ilianguka, akiba za wananchi zikapotea, na ndugu hao wakafungwa kwa ubadhirifu. Upinzani ukafa hapo.

Na ziwa je? Kufikia 1926 Ziwa Owens lilikuwa limekauka. Upepo ukaanza kupeperusha vumbi la chumvi kutoka sakafu yake, hata ikawa mojawapo ya sehemu zenye vumbi baya kuliko zote nchini Marekani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tangu mwanzoni mwa karne hii mji huo umetumia zaidi ya dola bilioni 2 kulituliza vumbi hilo, na sehemu ya kazi hiyo hufanywa kwa kurudisha maji yaleyale juu ya sakafu ya ziwa.

Mimi si katika wale wasemao kwamba Los Angeles ingekaa na kiu yake. Watu wa mjini nao ni watu. Wala siwezi kusema kwamba mashamba yale yaliporwa, maana kulikuwa na hati na fedha zilitolewa. Kosa ninaloliona ni kwamba hati ya shamba humtaja muuzaji na mnunuzi peke yao. Haimtaji jirani wa mferejini, mwenye duka, wala Mpaiute aliyeuchimba mfereji wa kwanza. Bei ililipwa kwa mmoja, hasara ikaenda kwa wote.

Jambo hilo hatimaye lilisemwa mahakamani. Tangu 1941 mji ulikuwa ukichukua pia maji ya vijito viingiavyo Ziwa Mono, kaskazini zaidi, na ziwa hilo likawa linashuka. Vijana wanasayansi na wapenda ndege wakapiga kelele. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba maji kama hayo ni amana ya umma, na kwamba serikali haiwezi kutoa haki ya kuyachukua kisha ikageuza kisogo. Mwaka 1994 mji ukaamriwa kuacha maji mengi zaidi yaende ziwani.

Je, Los Angeles ilikufa kwa kiu? La hasha. Ilibadilisha vyoo na mabomba, ikapunguza kumwagilia nyasi za bustani, ikatumia upya maji machafu yaliyosafishwa. Leo ina watu takribani milioni moja zaidi ya ilivyokuwa mwaka 1970, na maji inayotumia hayajaongezeka. Desemba 2006 maji yalirudishwa pia katika kiasi cha kilomita 100 za Mto Owens wa chini, uliokuwa mkavu kwa miongo mingi. Maana yake ni nini? Ni kwamba sehemu ya yale yaliyochukuliwa haikuwa kiu. Ilikuwa mazoea.

Hata hivyo, deni la kwanza bado halijalipwa. Wapaiute walibadilishana ardhi na mji kwa sheria ya mwaka 1937, lakini suala la haki zao za maji liliwekwa kando, na hadi leo halijamalizwa.

Basi, ndugu zangu wa mjini, mji una haki ya kunywa. Lakini kabla haujaenda kugonga mlango wa mwingine, na uyahesabu kwanza maji unayoyamwaga. Na ukishagonga, usizungumze na mwenye shamba peke yake. Wakusanye wote walio kwenye mfereji.