Mtoto Akisema Anaonewa Shuleni, Asikilizwe Mara ya Kwanza

Hotuba kwa wazazi, walezi na wakazi katika baraza la kufungua muhula



Shule zinapofunguliwa, mazungumzo katika nyumba nyingi huwa ni ya karo, sare, vitabu na nauli. Sanduku la bati hununuliwa, kufuli hutafutwa, na jina la mtoto huandikwa kwa rangi kwenye ndoo. Jambo moja husahaulika: ni nani atakayekuwa na nguvu juu ya mtoto huyo mwalimu akishaondoka darasani au taa za bweni zikishazimwa. Baraza la leo ni la jambo hilo, uonevu shuleni.

Si kila ugomvi ni uonevu. Watoto wawili wakigombania mpira leo na kesho wakacheza pamoja, huo ni ugomvi wa kawaida. Uonevu una alama tatu. Hufanywa kwa makusudi, hurudiwa, na anayeufanya ana nguvu kuliko anayetendewa. Nguvu hiyo yaweza kuwa ya umri, ya mwili, ya cheo cha kiranja, ya pesa, ya wingi wa marafiki, au ya simu yenye picha ya mwenzake.

Kuna uonevu wa kupigwa. Kuna wa kunyang'anywa sukari, sabuni na pesa za matumizi, wa kufulishwa nguo za wakubwa na kuamshwa usiku kuwatumikia. Kuna wa kubandikwa majina kwa sababu ya kabila, dini, ulemavu, kigugumizi au viatu vilivyopasuka. Kuna msichana anayechekwa kwa sababu ya hedhi hadi akaogopa kurudi darasani. Na kuna ule wa kwenye simu, ambao humfuata mtoto hata nyumbani. Mwaka 2019, shirika la UNESCO liliripoti kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia. Katika darasa la watoto 45, hao ni kama 15.

"Hata sisi tulipitia"

Kuna maneno yanayoulinda uonevu kuliko ukuta wowote wa shule: "Hata sisi tulipitia, na tukatoka salama." Husemwa kwa kicheko, na watu wenye mapenzi mema, wanaokumbuka walivyoitwa "mono" katika Kidato cha Kwanza. Lakini mtoto anayeyasikia huelewa mambo mawili: kwamba maumivu yake si habari, na kwamba zamu yake ya kuwaumiza wengine itafika. Ndivyo uonevu unavyorithiwa. Aliyepigwa akiwa mgeni hungoja awe mkubwa, kisha hulipiza kwa mtoto ambaye hakumkosea lolote. Ni deni linalodaiwa kwa asiyekopa.

Na si wote waliotoka salama. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa katika chumba chao cha kulala na wanafunzi wenzao, wakateketezwa kwa moto na kufariki. Walikuwa wana wa watu, waliopewa kazi ya kuwatawala wenzao. Mwaka 2009, Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari liliundwa nchini, kwa lengo la kuwafanya viongozi wa wanafunzi wachaguliwe na wenzao badala ya kuteuliwa tu na walimu. Hata hivyo, mwaka 2017 maafisa wa Wizara ya Elimu walilazimika kuchunguza malalamiko kwamba wanafunzi wapya katika shule moja ya kitaifa walikuwa wakipigwa na wakubwa wao, wakiwemo viranja. Mtoto akipewa nguvu juu ya watoto wenzake bila mtu mzima wa kumchunga, hatari huwa juu ya wote wawili.

Tangu Januari 2026, wageni katika shule za sekondari ya juu ni wanafunzi wa Gredi 10, ambao waliingia na kuwakuta wenzao wa Kidato cha Tatu na cha Nne. Kidato cha Kwanza hakipo tena. Desturi ya kumtesa "mono" haifai kutafutiwa makao mapya katika Gredi 10.

Dalili ambazo nyumba huziona

Mtoto ni nadra kusema wazi kwamba anaonewa. Hutoa kipande kidogo cha habari, kisha huangalia mtu mzima atakipokea vipi. Husema blanketi limepotea, kwa mara ya pili. Huomba kuhamishwa shule bila kutoa sababu. Huumwa na tumbo kila Jumapili jioni. Hufika nyumbani na njaa ilhali chakula cha mchana kimelipiwa, au hukimbilia choo kwa sababu vyoo vya shule ndipo anapoviziwa. Mwingine hupita njia ndefu, na mwingine huificha simu kila inapolia.

Upande wa pili pia una dalili. Mtoto anayerudi na saa, viatu au pesa ambazo mzazi hakumpa anapaswa kuulizwa kwa utulivu vimetoka wapi.

Mzazi akijibu kipande hicho cha kwanza kwa kusema "wewe ni mvulana, komaa", au "ulimfanyia nini?", huenda asipate kipande cha pili. Mficha maradhi kifo humfichua, na mara nyingi mtoto huficha kwa sababu alijaribu kusema akanyamazishwa.

Hatua za siku ya kwanza

Mtoto akisema, aambiwe mambo matatu: kwamba amesikika, kwamba si kosa lake, na kwamba hatua itachukuliwa naye akijua. Asiahidiwe kwamba habari haitafika kwa mtu yeyote, kwa sababu ahadi hiyo haiwezi kutimizwa. Kisha mzazi aandike: nani, lini, wapi, na nani aliona. Majeraha yapigwe picha. Jumbe za simu zisifutwe.

Mzazi asiende shuleni kumpiga mtoto wa mwenzake. Akifanya hivyo, kesi itageuka kuwa yake, na mtoto wake atabaki shuleni peke yake na maadui zaidi.

Malalamiko yaanzie kwa mwalimu wa darasa, kisha kwa mwalimu mkuu, yakiwa yameandikwa, na mzazi abaki na nakala yenye tarehe. Swali la kwanza kwa shule liwe dogo na la haraka: usiku wa leo mtoto atalala wapi, na nani atakuwa karibu naye? Adhabu ya mkosaji yaweza kungoja uchunguzi, lakini usalama haungoji.

Shule isipochukua hatua, mzazi aende kwa Bodi ya Usimamizi na Chama cha Wazazi, kisha kwa ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Anayelalamikiwa akiwa mwalimu, taarifa ifike pia kwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo anaweza kuingilia kati wakati wowote. Mtoto mwenyewe, au mtu yeyote, anaweza kupiga nambari 116 ya simu ya watoto, bila malipo, usiku na mchana.

Mtoto akiwa ameumizwa, hospitali ndiyo ya kwanza. Kisha kituo cha polisi, ambapo taarifa huandikwa, mzazi hupewa nambari ya OB na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Ikiwa ni dhuluma ya kingono, mtoto afikishwe hospitalini mara moja na kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hufaa ndani ya muda huo tu. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe. Zifungwe kwenye karatasi, si kwenye plastiki. Kesi ya aina hiyo haimalizwi na wazee kwa mbuzi, wala na shule kwa barua ya msamaha.

Sheria iko upande wa mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba kinamlinda dhidi ya kila aina ya ukatili. Sehemu ya 36 ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, mwilini au kiakili. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kifungo kisichozidi miezi 6, au yote mawili. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Shule inayoendelea kuchapa hufundisha kila siku kwamba mwenye nguvu ana ruhusa ya kumpiga mnyonge.

Mtoto anayeonea, na wanaotazama

Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake ndiye anayewaonea wengine, huwa na haraka ya kufanya moja kati ya mawili: kumtetea, au kumpiga. La kwanza humpa mtoto kinga. La pili humrudishia somo lile lile. Afadhali aulizwe, arudishe alichochukua, apewe adhabu ya shule inayolingana na kosa, na afuatiliwe kwa muhula mzima na mwalimu wa ushauri nasaha. Wengi wao nao wamepigwa mahali fulani, na huenda mahali hapo ni nyumbani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: mtoto anayeonea anahitaji kusaidiwa auhisi uchungu wa mwenzake.

Kuna kosa moja ambalo hufanywa kwa nia njema. Watoto wawili husimamishwa mbele ya mwalimu mkuu, wakaambiwa washikane mikono na yaishe. Upatanisho huo hufaa kwa waliogombana wakiwa sawa. Kwa aliyeonewa, ni kulazimishwa kumpa mkono mtu atakayekutana naye chooni dakika kumi baadaye. Msamaha uje baadaye, aliyeumizwa akiwa tayari, na asiupate kwa kusukumwa.

Watoto wanaotazama ni wengi kuliko anayeonea na anayeonewa. Nchini Ufini, mpango wa shule uitwao KiVa, ulioundwa katika Chuo Kikuu cha Turku, umejengwa juu ya jambo hilo: mwenye kuonea hutafuta watazamaji, na wakikataa kucheka, hupungukiwa na sababu ya kuendelea. Hapa nchini, kinachowafunga midomo watoto ni hofu ya kuitwa wachongezi. Wafundishwe tofauti. Kuchongea ni kusema ili mwenzako aingie taabuni. Kuripoti ni kusema ili mwenzako atoke taabuni.

Shule nayo ina kazi ambazo hazihitaji bajeti. Uonevu una mahali pake na saa zake: vyooni, kwenye foleni ya chakula, njia ya kuteka maji, na muda ule kati ya masomo ya jioni na kuzimwa kwa taa. Mwalimu wa zamu na matroni wapite hapo hasa. Wageni wasilazwe chumba kimoja na wakubwa bila usimamizi. Sanduku la maoni lifunguliwe na mwakilishi wa wazazi pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha, si na kiranja ambaye huenda ndiye anayelalamikiwa.

Kaunti na jirani

Wakazi wengi huuliza malalamiko yaende serikali ipi. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya serikali ya kaunti. Mtoto akionewa huko, malalamiko yapelekwe kwa msimamizi wa taasisi, kisha kwa idara ya elimu ya kaunti au kwa msimamizi wa wadi. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo njia ni ile ya mwalimu mkuu na mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Hospitali za kaunti humhudumia mtoto bila kujali yuko shule ipi.

Lakini kabla ya ofisi yoyote, kuna jirani. Mwendeshaji wa bodaboda huona mtoto akisukumwa kwenye mtaro. Mwenye duka huona mtoto mdogo akitumwa na wakubwa kununua vitu kwa pesa zake mwenyewe. Mama mboga karibu na lango la shule hujua nani hulia njiani. Watu hao wakimwambia mzazi au mwalimu siku hiyo hiyo, huenda mtoto asingoje hadi likizo kusikika.

Kwa hivyo kila mzazi arudi nyumbani na swali moja la jioni hii. Asimuulize mtoto kama kuna mtu anayemwonea, kwa maana jibu litakuwa "hapana". Amuulize ni mahali gani pale shuleni asipopenda kupita, kisha anyamaze na kungoja jibu, hata likichukua muda. Kwa aliye na mtoto bwenini, swali liulizwe siku ya wazazi kutembelea shule, mbali na wenzake na walimu. Atakachosema mtoto, kiwe kidogo namna gani, kipelekwe shuleni kesho yake.